Fulana tumegawa, Matema tumekwenda, mbona bado wanaondoka?

Mwezi huu nimeyaweka kando maswali ya likizo na ya mabosi wakali, nikachukua ya watu wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Yamekuja mengi, na yanafanana kama yametoka ofisi moja. Kwa msomaji mpya wa safu hii: nilianza kama dereva wa miradi, nikazunguka na Land Cruiser za wenyewe kuanzia Kyela hadi Ludewa, baadaye nikasomea cheti cha utawala na kumalizia kazi nikiwa afisa utawala. Sasa nipo Uyole na viazi vyangu. Dereva husikia mengi, maana abiria wa nyuma husahau kwamba na yeye ana masikio.

Shikamoo mzee. Mimi ni mkurugenzi wa shirika dogo hapa Mafinga. Tunasaidia watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi pamoja na mabibi wanaowalea. Nina wafanyakazi tisa. Mshahara siwezi kuugusa, bajeti imefungwa na mfadhili hadi mwakani. Motisha nimejaribu zote: fulana zenye nembo, mfanyakazi bora wa mwezi na picha yake ukutani, mwaka jana niliwapeleka Matema tukachoma mbuzi na kuogelea ziwani. Bado wawili wazuri wameondoka kwenda shirika kubwa Mbeya mjini, na waliobaki ikifika saa kumi na nusu mikoba iko begani. Ni nini hasa kinachowapa watu moyo katika kazi zetu hizi? (Mkurugenzi, Mafinga)

Marahaba, mwanangu. Na mbuzi wa Matema sina ugomvi. Ila umenihesabia vitu ulivyowaongezea, hujanitajia hata kero moja uliyowaondolea. Mimi ningeanzia huko.

Muuzaji wa duka la jumla pale Mwanjelwa unaweza kuhangaika kumtafutia motisha, kwa kuwa alikuja kutafuta mshahara na hamkuahidiana zaidi ya hapo. Mfanyakazi wa shirika kama lako mara nyingi anafika na motisha yake mwenyewe. Huku nyanda za juu hilo halihitaji maelezo marefu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 uliikuta Njombe ina maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, na taifa zima 4.4. Huko nyuma hali ilikuwa mbaya zaidi, watoto wengi walibaki na mabibi, na watoto hao sasa wamekua. Baadhi yao ndio unaowaajiri. Niliwahi kumpeleka Makete afisa ustawi mmoja. Tulipofika karibu na kijiji fulani akaniomba nipunguze mwendo, akanyoosha kidole kwenye nyumba ya bati la zamani. Pale ndipo bibi yake alipomlea yeye na wadogo zake. Mtu wa namna hiyo utampa moyo kwa fulana?

Kwa hiyo moyo wanao. Kazi yako ni kuangalia ofisini kwako nani anauvunja, na kwa kitu gani.

Nikuambie niliyoyaona. Ilikuwa Machi, tunaingia vijiji vya ndani vya Kilolo, matope yamefika kwenye mlango wa gari. Nilikuwa na afisa wa watoto, binti mchapakazi. Tulipokwama alishuka, viatu mkononi, tukakata matawi pamoja na kuyashindilia chini ya matairi. Tukafika tumechelewa mno. Mabibi walikuwa wamekaa ofisi ya kijiji tangu asubuhi, hawajatia kitu mdomoni. Binti akatoa hela, akamwomba mama lishe wa jirani awachemshie chai na kuwaletea maandazi. Baada ya chai ndimi zikafunguka. Kikao kilichokuwa kiwe cha kusaini mahudhurio kikawa kikao kweli, na watoto watatu waliokuwa wameacha shule kimyakimya wakajulikana siku ileile, majina na sababu. Wakati wa kurudi binti aliimba njia nzima, soksi zake zinakauka juu ya dashibodi.

Wiki iliyofuata mhasibu akamrudishia makaratasi ya masurufu, yaani ya fedha alizopewa za safari. Chai haina risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Sasa mama lishe wa kijijini mashine ya EFD ataitoa wapi? Aliandika kwenye karatasi ya daftari, akaweka dole gumba. Haikukubalika. Hela yenyewe ilikuwa ndogo hata naona haya kuitaja, ikakatwa kwenye mshahara wa binti. Hakubishana. Lakini safari zilizofuata alikuwa akifika kijijini anasaini kitabu cha wageni, anafanya kilichoandikwa kwenye mpango kazi, anapanda gari. Mabibi wakiwa na njaa, wana njaa. Na wala hakuacha kazi mapema. Kwenye ripoti za robo mwaka aliendelea kuonekana amekamilisha shughuli zote kwa asilimia mia.

Wewe unawalilia wawili walioondoka. Mimi ningewatazama zaidi walioondoka huku bado wanasaini kitabu cha mahudhurio.

Hili la kero si langu peke yangu. Mwaka 1959 Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Waliona kwamba yanayomkera mtu kazini na yanayomridhisha ni makundi mawili tofauti. Upande wa kero kuna taratibu za ofisi, usimamizi, mshahara, mazingira ya kazi. Upande wa kuridhika kuna kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kukabidhiwa jukumu. Kwa hesabu hiyo, mbuzi wa Matema hafuti karatasi ya chai ya Kilolo. Ni madaftari mawili.

Cha kufanya. Kaa na mhasibu wako mwandike utaratibu wa malipo madogo ya vijijini: hati ya malipo, jina la muuzaji, saini au dole gumba, mhuri wa mtendaji wa kijiji, na kiwango ambacho hakizidi. Mpelekee mfadhili aukubali kabla, uingie kwenye kanuni zenu za fedha. Nimeona unakubaliwa. Kisha, na hili nakusisitiza, mpakie mhasibu kwenye gari aende kijijini. Si kukagua. Aende akakae kwenye benchi la ofisi ya kijiji na kumsikiliza bibi mmoja akieleza mjukuu wake alivyorudi shule. Kuna mtafiti anaitwa Adam Grant aliyewajaribu wapiga simu wa kuchangisha fedha za chuo kikuu kimoja Marekani. Matokeo yalitoka 2007. Kundi moja walikutanishwa kwa dakika tano tu na mwanafunzi aliyesoma kwa fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu ulikuwa umezidi mara mbili, na fedha walizoleta zilikuwa zimepanda kwa asilimia 171. Wenzao ambao hawakukutana na mtu walibaki vilevile. Mshahara wa yeyote haukuongezwa. Watu wako wa ofisini, mhasibu, mtunza stoo, mlinzi, mara ya mwisho kumwona mtoto mnayemsaidia ilikuwa lini? Wa mbio za vijijini wanaona; hawa wanaona risiti tu, ndiyo maana wanazipenda kuliko watu.

Kuhusu picha ya mfanyakazi bora. Inategemea inahesabu nini. Hapo jirani, Lusaka, watafiti Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Kelsey Jack waliwatumia wasusi na vinyozi kuuza kondomu za kike katika saluni zao, matokeo yakachapishwa 2014. Kundi moja walipewa sehemu kubwa ya bei, jingine sehemu ndogo, jingine hawakupewa kitu, na jingine walibandikiwa chati ukutani inayowekwa nyota kila pakiti inapouzwa. Wa nyota waliuza karibu mara mbili ya makundi mengine. Wakurugenzi wakisikia hivi hukimbilia kununua nyota. Tulia kwanza. Nyota ile ilihesabu kitu kinachoonekana, mbele ya wateja, na hakuna aliyeweza kuigawa kwa upendeleo. Tena wale walikuwa na saluni zao zinazowalisha. Nyota haikuja badala ya ugali. Sasa picha yako ya kila mwezi inachaguliwaje? Kama ni ya zamu, kama ule ufanyakazi hodari wa Mei Mosi ambao sehemu nyingine unajulikana mwaka mzima kabla, basi wafanyakazi wanajua, na wanacheka ukigeuka. Ishushe. Weka ukutani watoto wangapi wamerudi shule kwa kila kata na nani aliwafuatilia.

Jingine ambalo hukulitaja, ila naweza kulihisi nikiwa hapa Uyole: mikataba ya mwaka mmojammoja. Mkataba unaisha Desemba, mfadhili hajasema kitu, wewe umenyamaza ili usiwatishe. Mwezi wa kumi watu wanaanza kutoa nakala za vyeti kwenye steshenari. Waliokwenda Mbeya nina shaka kama walifuata mshahara pekee. Huenda walifuata tarehe. Wapigie uwaulize, sasa hawakuogopi, watakuambia. Na hawa uliobaki nao waambie Septemba unachokijua, hata kama unachokijua ni kwamba mfadhili atajibu Novemba.

Mikoba ya saa kumi na nusu iache. Wana watoto nyumbani.

Habari za kazi, kaka mkubwa. Niko shirika la wakulima, Ubaruku, Mbarali. Tunafanya kazi hadi Jumamosi, na msimu wa kupanda mpunga hata Jumapili. Tukiuliza malipo, meneja anasema hii ni kazi ya wito, wanaotaka hela waende benki. Posho ya safari ya Aprili tumelipwa Julai, mimi nilikuwa nimeshakopa kwenye simu na riba imenila. Kudai ni kukosa moyo? (Bwana shamba, Ubaruku)

Nzuri, ndugu yangu. Miaka yote niliyoshika usukani sijawahi kuambiwa nijaze dizeli kwa wito. Kila bosi anaelewa kwamba tangi likiwa tupu gari haliondoki. Basi na wewe una tangi.

Twende kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haina mlango wa pembeni kwa ajili ya mashirika ya kusaidia watu. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Zinazozidi ni kwa makubaliano, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Kila wiki una haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo angalau, na ukifanya kazi siku hiyo ya mapumziko unalipwa mara mbili. Wanaowasimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu wana utaratibu wao, kwa hiyo meneja wako asijitolee mfano yeye. Kabla hujaandika barua, fungua mkataba uone saa zako za wiki ni ngapi. Jumamosi ya nusu siku inaweza kuwa ndani ya saa hizo, ukaonekana unadai kilichokwishalipwa. Jumapili ni habari nyingine.

Posho ni rahisi zaidi. Anayesafiri kwa fedha yake kwa kazi ya shirika amelikopesha shirika, na bila riba. Andikeni barua moja, wote msaini, lugha ya heshima: kuanzia mwezi ujao safari ianze baada ya posho kuingia, na yeyote mwenye masurufu ya zamani ayarejeshe kwanza. Hicho kipande cha mwisho msikisahau. Mara nyingi posho zinachelewa kwa sababu wenzenu watatu wamekalia makaratasi ya safari iliyopita, mhasibu anawatumia hao kuwafungia wote.

Kuhusu wito, ninao na ninauheshimu. Nimeona maofisa wakilala kwenye sakafu za madarasa kwa hiari yao, bila kunung'unika, kwa sababu mvua ilikata daraja na wakulima walikuwa wakiwasubiri kesho yake. Lakini walikuwa wanasema wenyewe, "hii kazi ni wito." Neno hilo akilitoa mfanyakazi lina uzito. Likitoka kwa anayeandaa orodha ya malipo, mimi hushika mfuko.

Kamwene baba. Nilikuwa nafuatilia wateja wa dawa za VVU, wale walioacha kuhudhuria kliniki, kwenye mradi wa fedha za Marekani huku Wanging'ombe. Januari 2025 tuliambiwa tusimame. Shirika limeniomba nijitolee hadi fedha zitakaporudi. Watu wangu nawapenda, wengine bado wananipigia usiku. Ila nina watoto wawili na mume wangu ni kibarua. Nifanyeje? (Mfuatiliaji, Wanging'ombe)

Kamwene, mwanangu, na pole.

"Hadi fedha zitakaporudi" si tarehe. Amri ya kusimamisha misaada ilitolewa Washington tarehe 20 Januari 2025 kwa siku 90, ikasemwa ni mapitio tu. Kufika Julai mosi mwaka huohuo USAID, shirika la misaada la Marekani, lilikuwa limekoma kufanya kazi. Miradi mingine imepata njia, mingine haikupata. Usiyapange maisha ya watoto wako juu ya neno hilo.

Kwanza chako kilicholala. Mkataba ukivunjwa katikati kwa sababu fedha zimekatika, una madai: notisi au malipo badala yake, likizo uliyoilimbikiza, kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, na hati ya utumishi. Hati hiyo idai hata kama mengine yamelipwa, utaihitaji kila utakapoomba kazi. CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ina muda wake: siku 30 kwa aliyeachishwa isivyo haki, 60 kwa migogoro mingine. Umechelewa, na kuchelewa kunahitaji sababu, lakini nenda ukaulize. Pita NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ukiwa na barua ya kusimamishwa, uulizie fao la kukosa ajira.

Sasa kujitolea. Sikukatazi. Najua ukimwona mtu wako aliyekuwa amekonda amerudi kubeba ndoo ya maji, hakuna mshahara unaokaribia hapo. Ila jitolee kwa karatasi: siku gani za wiki, nauli nani analipa, mwisho lini. Nikipendekeza, siku mbili na miezi mitatu. Na ujitolee chini ya zahanati, si chini ya shirika ambalo si mwajiri wako tena, kwa sababu majina ya wagonjwa si ya kubebwa kwenye daftari na mtu asiye na cheo chochote. Siku mambo yakivuja utalaumiwa wewe. Wakati huohuo muulize mtendaji wa kijiji kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Serikali ilizindua mpango wake jumuishi 2024, na mtu mwenye uzoefu wako si rahisi kumruka.

Simu za usiku pokea zile za hatari. Za kuulizia dawa zimeisha au la, waelekeze kliniki asubuhi. Watakuelewa, hao wanakujua.

Shikamoo. Nimemaliza chuo, nimeitwa usaili wa afisa mradi msaidizi. Wakiniuliza "nini kinakupa motisha" nijibu nini? (Mhitimu, Iyunga, Mbeya)

Marahaba. Usiseme "kuisaidia jamii." Kabla yako wameshalisikia asubuhi nzima. Wape kitu kimoja ulichofanya bila kutumwa, mahali gani, kikaishaje. Hata kama ni kumfundisha hesabu mtoto wa jirani hadi akafaulu, sema hicho na usikipake rangi.

Wakikuuliza kama una swali, unayo mawili. Mishahara hutoka tarehe ngapi? Na mkataba huu unaisha kabla au baada ya fedha za mradi? Uliza ukitabasamu, kama mtu anayetaka kujipanga. Wakikujibu kwamba hayo yatazungumzwa baadaye, yaandike kwenye daftari lako, kisha endelea na usaili. Kazi bado unaihitaji.